Anayefunga mifuko kwenye pikipiki aanze na indiketa

KABLA ya jua kuchomoza, pikipiki za mizigo huwa zimekwisha kuanza kuteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Zimepakiwa kabichi, karoti, nyanya na pilipili hoho. Barabara hiyo ya kilomita zipatazo 30 ni kona baada ya kona kupitia Soni, huku mlima na huku bonde. Dereva wa gari anayezifuata kwa nyuma haoni pikipiki wala mwendeshaji. Anaona mzigo unaotembea.

Hapo ndipo penye tatizo. Mzigo umefunika taa ya nyuma, taa ya breki na indiketa zote mbili. Mwendeshaji akikanyaga breki, hakuna anayejua. Akiwasha indiketa ya kulia ili aingie njia ya shambani, taa inapepesa ndani ya gunia.

Hali hii haiko Lushoto peke yake. Ndivyo zilivyo pikipiki za viazi Njombe, za ndizi Rungwe, za maziwa katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro, na za makreti ya mikate na soda karibu kila mji. Pikipiki imekuwa gari la mkulima mdogo na la mchuuzi. Inafika ambako lori halifiki, inatumia mafuta kidogo, na inamwezesha mwenye mali kufika sokoni kabla bei haijashuka.

Kwa sababu hiyo, wengi wanaonunua pikipiki kwa ajili ya mizigo hupita kwanza kwa fundi wa kuchomelea. Huongezewa keria ndefu, huwekewa vyuma vya kuning'iniza mifuko au mitungi ubavuni, na kazi huanza siku inayofuata. Huo ni uamuzi mzuri wa kibiashara. Kosa ni kwamba kazi ya fundi huishia kwenye chuma. Taa huachwa pale pale kiwanda kilipoziweka, mahali ambapo sasa hazionekani.

Ni vyema ikaeleweka kwamba keria au mfuko unaofunika taa ni kazi ambayo haijakamilika. Fundi asiikabidhi, na mwenye pikipiki asimalizie kulipa, mpaka indiketa na taa ya breki zihamishiwe mahali zinapoonekana pikipiki ikiwa imepakia.

Walivyofanya wenye kruza

Wazo la kubeba mzigo ubavuni si geni. Watu wa Lamu na sehemu nyingine za pwani wanaijua shogi, ule mfuko mkubwa wa kusukwa anaotandikwa punda, unaoning'inia huku na huku. Mwenye punda hajazi upande mmoja akauacha mwingine, kwa sababu shogi itapinduka na punda ataumia. Mzigo hukaa chini, hugawanywa sawasawa, na mnyama hutembea bila kuyumba.

Huko Marekani mifuko ya namna hiyo ilitoka kwenye tandiko la farasi ikahamia kwenye pikipiki. Inapendwa sana na wenye pikipiki zile ndefu, zenye siti ya chini na usukani mpana, zinazoitwa kruza, kama vile Honda Shadow, Yamaha V-Star na Harley-Davidson Sportster. Hawa wengi wao hawabebi kabichi. Hubeba nguo za safari, koti la mvua na vifaa vidogo. Lakini walikutana na tatizo lile lile la mchuuzi wa Mombo.

Katika kruza nyingi indiketa za nyuma hukaa kwenye vikono vilivyotokeza ubavuni mwa madigadi, karibu na shokapu. Hapo hapo ndipo mfuko unapotakiwa kukaa. Mwenye pikipiki akitundika mfuko bila kugusa taa, mojawapo kati ya mambo mawili hutokea: mfuko unaifunika indiketa, au unaisukuma mpaka kikono chake kinavunjika.

Suluhisho lao ni rahisi. Yako maduka yanayouza vishikizi vya kuhamishia indiketa. Kishikizi hufungwa kwa bolti zilizopo, kando ya kibao cha namba au chini ya taa ya nyuma, indiketa hurudishwa nyuma ya mfuko, na waya huongezwa urefu. Ndipo mfuko hufungwa. Taa kwanza, mfuko baadaye. Huo ndio utaratibu wa kazi, na ndio unaokosekana katika gereji nyingi za hapa.

Mtu anaweza kusema kwamba ile ni anasa ya wenye fedha. Hata hivyo, aliye katika hatari kubwa zaidi ni yule anayefanya kazi na pikipiki kila siku. Mwenye kruza hufunga mifuko kwa ajili ya safari ya mapumziko. Mchuza maziwa hufunga mitungi alfajiri, kukiwa bado na giza au ukungu, siku zote za mwaka. Kama anayestarehe anaona ni lazima indiketa zake zionekane, anayetafuta riziki anahitaji hilo maradufu.

Mkono hautoshi

Baadhi ya waendesha pikipiki husema indiketa si muhimu kwa sababu mtu anaweza kutoa mkono. Hoja hii ina kasoro kubwa, nayo inaonekana wazi zaidi kwa anayebeba mzigo.

Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara. Kwa hiyo anayepinda kulia ndiye anayekatiza njia ya gari linalotaka kumpita. Hapo ndipo ishara inapohitajika kuliko mahali pengine. Sasa mkono wa kulia wa mwendesha pikipiki ndio unaoshika mafuta na breki ya mbele. Akiuondoa ili atoe ishara, ameachia vyote viwili, tena pengine yuko kwenye mteremko na ana kilo 40 za maziwa nyuma yake. Na hata akiunyoosha, mzigo mpana unaweza kuuficha asiuone aliye nyuma.

Hesabu ya mwendo nayo haina huruma. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva wake akichelewa kwa sekunde mbili tu kutambua kwamba pikipiki iliyo mbele inapinda, basi limekwisha kula mita 44 kabla hajagusa breki. Indiketa inayoonekana humpa dereva huyo sekunde zile mbili. Indiketa iliyo ndani ya gunia humnyima.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Si ajali zote hizo zilisababishwa na taa. Lakini mwenye pikipiki hana bati la kumkinga wala mkanda wa kumshika. Kinga yake ya kwanza ni kuonekana.

Kwa mfanyabiashara mdogo, ajali moja haiishii hospitali. Wako vijana wengi wanaoendesha kwa mkataba, wanaopeleka fedha kwa mwenye pikipiki kila siku au kila wiki mpaka chombo kiwe chao. Pikipiki ikigongwa, nyanya zimemwagika, mnunuzi amekwenda kwa mwingine, na deni liko pale pale. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo wengi hukata, hailipi matengenezo ya pikipiki ya aliyeikata wala mzigo wake. Hasara yote humrudia yeye na familia yake.

Liko jambo jingine la kushangaza. Vijana wengi hutumia fedha kuirembesha pikipiki. Huiwekea taa za bluu na kijani chini ya injini, redio, kofia za rangi za valvu na madigadi ndefu yenye maandishi. Usiku pikipiki inang'aa kama ukumbi wa harusi. Lakini muulize mwenyewe indiketa ya nyuma iko wapi, atakuonyesha kikono kilichokatika miezi mitatu iliyopita. Hapana ubaya mtu kupenda chombo chake kipendeze. Ubaya ni kulipia taa zisizosema kitu na kuacha ile inayosema "napinda".

Kazi yenyewe

Kuhamisha indiketa ni kazi ambayo fundi wa kawaida anaiweza kwa nusu siku, ilimradi ajue mambo machache.

La kwanza ni mahali pa kuziweka. Pikipiki nyingi za kazi zinazouzwa Afrika Mashariki huwa na indiketa za nyuma kando ya taa ya nyuma au kwenye madigadi. Keria inapoongezwa urefu kwenda nyuma, taa hizo hubaki ndani, chini ya mzigo. Kwa hiyo mahali panapofaa ni mwisho kabisa wa keria mpya, kwenye chuma kinachopita kwa upana chini ya sakafu yake, ili mzigo ukae juu na taa zitazame nyuma bila kizuizi.

Kanuni Namba 53 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu ufungaji wa taa za pikipiki, inatoa vipimo ambavyo fundi anaweza kuvipima kwa futi ya kawaida. Indiketa za nyuma ziwe na nafasi isiyopungua sentimita 18 kati ya ukingo wa ndani wa moja na wa nyingine. Zisiwe chini ya sentimita 35 kutoka ardhini wala zaidi ya sentimita 120. Na zisiwe ndani zaidi ya sentimita 30 kutoka mwisho wa pikipiki. Marekani nayo inataka indiketa za nyuma ziachane kwa inchi 9, yaani karibu sentimita 23, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine.

Kipimo cha sentimita 30 ndicho kinachovunjwa sana. Keria ikiongezwa nusu mita bila taa kusogezwa, hata kama mzigo haujazifunika, tayari ziko ndani mno. Zikikaribiana sana nazo hazisaidii, kwa sababu kwa mbali dereva hawezi kutofautisha ya kulia na ya kushoto.

La pili ni waya. Balbu ya indiketa katika pikipiki nyingi za aina hii ni ya volti 12 na wati 10, na hutumia umeme usiofika ampea moja. Waya laini wa nyuzi nyingi, wenye unene wa milimita 0.75 za mraba, unatosha. Uongezwe kwa kulehemu au kwa kiungio cha kubana, kisha ufunikwe vizuri ili maji yasiingie. Kuzungusha waya kwa vidole na kuvisha solotepu ni kualika kutu.

Fundi wengi hukosea kwenye waya wa hasi. Huutegemea mwili wa keria kurudisha umeme. Keria imepakwa rangi, baada ya msimu mmoja wa mvua imeshika kutu, na taa huanza kufifia au kuwaka kwa kubahatisha. Kila indiketa ipelekewe waya wake wa hasi mpaka kwenye waya wa asili wa pikipiki. Ni mita moja zaidi ya waya, lakini huondoa nusu ya matatizo.

Waya upite ndani ya bomba la keria au ufungwe kandokando yake, mbali na bomba la moshi, mnyororo na tairi. Uachiwe ulegevu kidogo penye kuchezacheza. Panapopita kwenye tundu la chuma pawekwe mpira, vinginevyo chuma kitaukata. Indiketa yenyewe ikae juu ya kipande cha mpira, maana mtikisiko wa barabara za vumbi huua nyuzi za balbu haraka.

La tatu ni mdundo wa taa. Kanuni ile ile inataka indiketa ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Kifaa kinachoipepesa, ambacho mafundi hukiita flasha, kimepangwa kulingana na umeme unaotumiwa na balbu zilizotoka kiwandani. Fundi akiondoa balbu za wati 10 akaweka taa za LED zinazotumia umeme kidogo sana, mdundo huharibika: taa hupepesa haraka mno, au hukataa kupepesa kabisa. Anayetaka LED abadilishe na flasha pia, aweke ile inayozifaa. Na anayetaka kuongeza jozi nyingine ya balbu za wati 10 juu ya zilizopo asifanye hivyo kienyeji, kwani flasha na fyuzi hazikupimwa kwa mzigo huo. Kuhamisha ni salama kuliko kuongeza.

Taa ya breki nayo isisahauliwe. Kama mzigo unaifunika, ihamishwe pamoja na indiketa, na kibao cha namba pia. Si haki mtu kugharimia ishara ya kupinda akaacha ya kusimama.

La nne ni chuma chenyewe. Keria ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyopo kila inapowezekana, badala ya kuchomelewa kwenye fremu. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma kando ya kiungo, na ufa wake huonekana baada ya miezi, siku ambayo mzigo ni mkubwa. Pakiwa na ulazima wa kuchomelea, waya wa hasi wa betri uondolewe kwanza ili vifaa vya umeme visiungue.

Mifuko ya ubavuni nayo ina masharti yake. Kila mfuko uwe na chuma cha kuuzuia usiingie kwenye spoku na mnyororo. Upande wa bomba la moshi pawekwe bati lenye nafasi ya hewa katikati, la sivyo turubai litaungua na maziwa yatachemka. Mifuko isipite upana wa usukani, ili mwendeshaji ajue kwamba usukani ukipita, mzigo nao utapita. Pikipiki ikalishwe kwa uzito wa watu wawili ili kuangalia kama tairi au shokapu zinagusa mfuko.

Uzito ugawanywe kama wa shogi. Mitungi miwili ya maziwa ya lita 20, mmoja kila upande, ina kilo zaidi ya 41 za maziwa peke yake. Ikikaa chini na karibu na ekseli ya nyuma, pikipiki hutulia. Mzigo ukirundikwa juu na nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi. Kwa pikipiki ambayo ekseli zake zimeachana kwa sentimita 125, kilo 50 zilizowekwa sentimita 25 nyuma ya ekseli ya nyuma hupunguza kilo 10 kwenye gurudumu la mbele, yaani lile linaloongoza. Mtungi usiwe nusu, kwa sababu maziwa yanayochezacheza huivuta pikipiki kwenye kona. Na uzito wote kwa jumla, mwendeshaji akiwemo, usizidi ule ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Baada ya hapo kuna jaribio moja ambalo halihitaji chombo chochote. Pikipiki ipakiwe mzigo wake wa kawaida kabisa, ule wa siku ya soko. Mtu mmoja awashe indiketa na kukanyaga breki. Mwingine asimame mita 10 nyuma, kisha mita 30, katikati, kulia na kushoto, mchana wa jua kali. Achuchumae apate kimo cha dereva wa gari dogo, kisha apande juu ya kitu apate kimo cha dereva wa lori. Asipoona taa mahali popote, kazi haijaisha.

Nani afanye nini

Kwa kawaida lawama zote hutupiwa mwendesha bodaboda. Ni kweli kwamba wapo wasiojali. Lakini kijana aliyeajiriwa kubeba mboga hakuchora keria ile, hakuichomelea, na mara nyingi pikipiki si yake. Mwajiri anayemwambia aongeze gunia la tatu, na fundi aliyetengeneza keria bila kuuliza taa zitakwenda wapi, wanahusika pamoja naye.

Mafundi wana nafasi ya kwanza. Anayetengeneza keria na kuhamisha taa kwa pamoja atapata kazi zaidi na jina zuri. Vyuo vya VETA vinavyofundisha uchomeleaji na umeme wa magari vina wanafunzi wa fani zote mbili chini ya paa moja. Hakuna kinachozuia keria ya pikipiki yenye taa zake kuwa zoezi la darasani, maana ndiyo kazi ambayo wengi wao watakutana nayo mitaani.

Wauzaji wa pikipiki nao waache kumwachia mteja kila kitu. Wanajua kabisa kwamba pikipiki wanayoiuza mikoa ya kilimo itakwenda kubeba mizigo. Wauze keria ya mizigo iliyokwisha kuwekewa taa na kiunganishi cha waya cha kuchomeka, kama wenzao wanavyouza vishikizi vya kruza. Mteja atalipa zaidi kidogo, lakini atatoka dukani na chombo kilichokamilika.

Vyama vya akiba na mikopo, pamoja na wale wanaotoa pikipiki kwa mkataba, wana sababu ya kifedha ya kulisimamia hili. Pikipiki iliyogongwa haitoi marejesho. Gharama ya vishikizi viwili, waya na siku ya fundi ni ndogo mno ikilinganishwa na pikipiki, na inaweza kuingizwa ndani ya mkopo tangu mwanzo.

Vikundi vya waendesha bodaboda vina viongozi, vina vituo na vina utaratibu wa kusaidiana mwenzao akipata ajali. Michango hiyo ya hospitali na misiba ni kazi njema. Ingekuwa njema zaidi sehemu yake ikitumika kumnunulia balbu mwanachama ambaye taa zake hazionekani, kabla hajahitaji mchango mkubwa.

Kikosi cha usalama barabarani kina kazi yake pia. Pikipiki ya mizigo inayokaguliwa ikiwa tupu hufaulu kwa urahisi. Taa zote zinaonekana kwa sababu hakuna kinachozifunika. Ukaguzi wa maana ni ule unaofanywa pikipiki ikiwa imepakia, alfajiri, kwenye njia ya kwenda sokoni. Na lengo la kwanza liwe kurekebisha. Mchuuzi aliyetozwa faini akaachwa aendelee na safari bila taa hajasaidiwa, na aliye nyuma yake naye hajasaidiwa.

Yupo atakayesema kwamba taa zikihamishiwa mwisho wa keria zitavunjwa sokoni au kuibwa. Ni hofu ya kweli. Lakini jibu lake ni kuzikinga kwa kipande cha nondo kilichokunjwa na kuzifunga kwa nati za kujifunga zenyewe. Balbu iliyovunjika hununuliwa nyingine dukani siku hiyo hiyo.

Mkulima anayepanda nyanya hujua kwamba fito husimikwa kabla mche haujalemewa na matunda. Akisubiri mpaka mzigo uwe mkubwa, shina limekwisha kukatika. Pikipiki ni vivyo hivyo. Keria ikishafungwa na wateja wakishazoea kuletewa bidhaa kila asubuhi, hakuna atakayeisimamisha siku nzima kwa ajili ya taa. Wakati wa kuhamisha indiketa ni siku ile ile fundi anapowasha mtambo wake wa kuchomelea, kabla gunia la kwanza halijapanda.